Mwalimu Aliyeonekana Uingereza

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa minyaa, katika safu ya nyumba za walimu pale Singida. Mume wangu alifundisha hesabu, yeye alifundisha jiografia. Kwa kuwa hao wawili waliitana ndugu tangu chuoni, mimi nilimwita shemeji. Watu wengine walimwita Mwalimu. Baadaye, mambo yalipoharibika, wakamwita Bwana Televisheni, na walipolitaja jina hilo walicheka puani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona televisheni. Hata mimi sikuwahi. Katika mji wote ule walioijua walikuwa yeye na Wazungu wachache wa bomani.

Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na shingo hiyo haikukosa tai. Hata Jumamosi, akipalilia mtama nyuma ya nyumba, tai ilikuwepo, ameiingiza katikati ya vifungo vya shati isichafuke. Upepo wa mwezi wa saba ulipoanza kutukata masikio alitoa koti lake zito la Uingereza, jeusi, linalofika magotini, akaenda nalo darasani. Wanafunzi walimpenda. Aliwatoa nje kwenye mawe makubwa yaliyo nyuma ya shule, akawafinyangia udongo wa mabonde na milima, akamwaga maji ili waone mto unavyotafuta njia. "Ramani," aliwaambia, "ni nchi iliyotazamwa na mtu aliyesimama mbali. Ukitaka kuijua, shuka ukaikanyage."

Hakuwa malaika. Alisahihisha kazi za watoto kwa ukali mpaka wengine walilia. Akikosewa hakugomba, alinuna, na kununa kwake kungeweza kumaliza wiki. Alikuwa na kiburi pia, kile cha mtu anayejua kwamba ana akili na anaogopa kuonekana hana. Nasema haya kwa sababu watu wakisimulia habari za mtu aliyeonewa humfanya awe mtakatifu. Shemeji alionewa, lakini mlango mmoja aliufunga mwenyewe.

Jambo moja lilinishangaza siku zote. Alichukia kupigwa picha. Kila mwaka Mhindi mwenye duka la picha alikuja shuleni na kamera yake ya miguu mitatu. Walimu walijipanga mbele, wanafunzi nyuma, na shemeji akakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu ofisini. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, wewe umetazamwa na Waingereza wote, unaogopaje kamera ya Mhindi mmoja?"

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua uso. "Kuonekana si kuonana, shemeji," akasema.

Nilidhani ni maneno tu ya mtu aliyesoma.

Habari za Uingereza alitupa kidogo kidogo, juu ya ua wa minyaa, kama mtu anayetoa chumvi kwa vidole. Serikali ilimpeleka kusoma mambo ya ualimu, mwaka wa hamsini na tano. Aliondoka na kumwacha mke wake, msichana wa Kigogo aliyefunga naye ndoa kanisani muda si mrefu kabla ya hapo. Mke akaenda kukaa kwa kaka yake Kilimatinde mpaka mume arudi.

Kule alipangishiwa chumba kwa mama mmoja mjane. Mama huyo alikuwa na sanduku la televisheni sebuleni, na mwaka huo ndio Waingereza walipofungua kituo cha pili. Kabla ya hapo walikuwa na kimoja tu, chenye adabu kama kanisa. Hiki kipya kilikuwa cha wafanyabiashara. Katikati ya kipindi mambo yanakatwa, unaonyeshwa dawa ya meno imegandishwa ndani ya barafu. Mume wangu alicheka sana.

"Dawa ya meno ndani ya barafu ya nini?"

"Uone ubaridi wake mdomoni," shemeji akamjibu. "Na ukiangalia siku tatu, siku ya nne unakwenda kununua. Mimi nilinunua."

Jirani zao walipandisha vyuma vipya juu ya mapaa ili wakipate kituo hicho, na mtaa mzima uliingia ndani. Alisema kwamba miezi ya kwanza, kabla ya baridi, alikutana na watu wamesimama malangoni mwao, naye akajifunza kuwasalimia. Kituo cha pili kilipofunguliwa malango yalibaki matupu. Akitembea jioni aliona madirisha tu, na katika kila dirisha mwanga wa buluu unaotetemeka. Mama mwenye nyumba alikula sahani ikiwa mapajani, macho kwenye sanduku. Naye shemeji alikula vivyo hivyo, kwenye kiti cha pembeni. Walikaa pamoja jioni baada ya jioni wakitazama watu wasiowatazama.

Ila palikuwa na saa moja. Wakati huo, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja, vituo vyote viwili vilizimwa kwa amri ya serikali, ili wazazi wawalaze watoto wao. Sanduku likawa kioo cheusi. Hapo yule mama aligeuka, akamwona mgeni wake kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. Akamwuliza kama amekula mchana, kama soksi zake zimekauka, kama mke wake ameandika. Alimsimulia habari za mumewe aliyekufa vitani. Ilipofika saa moja alinyoosha mkono akakiwasha kile kioo, na mazungumzo yakaisha hata kama neno lilikuwa bado mdomoni.

"Mwaka mzima," shemeji alituambia, "niliishi saa hiyo moja tu kwa siku."

Aliporudi, saa hiyo alikuja nayo. Jioni, jua likielekea kuzama upande wa Ziwa Kindai, alitoa viti viwili nje, akaketi kwenye kimoja. Kingine kilikuwa cha mke wake, na kwa muda mke alikalia. Niliwaona. Yule dada alichambua mboga, mumewe akimsomea gazeti na kumtafsiria. Mara nyingine walinyamaza tu, na kunyamaza kwao hakukuwa na uzito.

Kisha ikaja siku ya baraza.

Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa likizoni kwao Uingereza wakati shemeji yuko kule. Alipokuwa amesharudi, aliwaita watu uwanjani kuzungumzia kodi na mashimo ya kunyweshea ng'ombe. Alikiongea Kiswahili vizuri, kwa sauti ya juu. Mwishoni akamwona shemeji amesimama na walimu, akataka kumfanyia wema. Nilikuwepo, nimekaa na wanawake.

"Mwalimu wenu huyu," akasema, "mimi nilimwona kule nyumbani kwetu, kwenye televisheni! Nilimwambia mke wangu, huyu ni mtu wa Singida! Alisema vizuri sana. Sisi wote tulifurahi."

Akapiga makofi. Wachache wakamfuata. Shemeji aliinamisha kichwa.

Mpaka siku hiyo hatukujua. Alikuwa ametusimulia habari za sanduku, lakini hakutuambia kwamba yeye mwenyewe aliingia ndani yake. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Chama cha kudai uhuru kilikuwa kimeshafika Singida, watu wanajiunga kimya kimya, walimu wa serikali wamekatazwa. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alimgeukia mwenzake.

"Kama Bwana DC amefurahi, kwani alisema nini?"

"Si alisema tunapenda kutawaliwa."

Basi. Niliona neno linavyozaliwa, na mama yake nilimwona. Kufika jioni lilikuwa sokoni. Baada ya wiki lilikuwa limefika Ikungi, na limenenepa: Mwalimu aliwaambia Waingereza kwamba sisi ni watoto bado, wasituache.

Lilipofika Kilimatinde, kaka wa mkewe alikuja. Alikuwa mtu wa chama, mpole wa sura, na alimpenda dada yake. Alifika na basi la mchana. Nilikuwa nyumbani kwa shemeji nimepeleka maziwa, na kabla sijapata njia ya kuondoka mazungumzo yakaanza.

"Shemeji," kaka akasema, "mimi sikuja kugombana. Watu wananiuliza, nami sina jibu. Ulisema nini kule?"

"Sikusema neno baya."

"Nakuamini. Basi nipe neno lenyewe, niwapelekee."

Shemeji akaanza kunyoosha tai yake. Mke wake alisimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Baba," akamwambia, maana ndivyo alivyomwita ingawa hawakuwa na mtoto bado, "mwambie kaka. Au niambie mimi, twende chumbani uniambie mimi peke yangu."

Akamtazama mkewe. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaufunga, akasema, "Mtu aliyenioa na kunijua hahitaji kuniuliza." Yaani alichanganyikiwa mpaka akakosea kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyeoa. Hakuna aliyecheka.

Dada alinawa mikono. Alifunga vitu vyake taratibu, akikawia kwenye kila kanga, na mimi mwanamke nilielewa kwamba anampa muda. Mume hakuutumia. Kaka na dada waliondoka na lori la alfajiri. Tangu hapo kile kiti cha pili kikawa kinatolewa nje kila jioni na kurudishwa ndani bila kukaliwa. Mume wangu alikikalia mara moja moja, lakini naye alikuwa mwalimu wa serikali mwenye watoto, na watu walikuwa wanaangalia nani anakaa wapi. Mimi, mke wa mtu, nisingeweza.

Ukiwa hauji kwa kelele. Muuza maziwa alianza kusema maziwa yamekwisha, huku tunasikia yanacheza kibuyuni. Dukani mazungumzo yalikatika akiingia, yakaendelea akitoka. Kanisani aliketi kwenye benchi la tatu, na benchi la tatu likawa lake peke yake, hata Krismasi, watu wamesimama nje. Alisalimia kila mtu. Vijana walimpa shikamoo yake, kwa sababu hata umchukie mtu vipi shikamoo humnyimi, lakini walimpa huku wakiendelea kutembea, na marahaba yake ikawafikia migongoni.

Kilichomponza zaidi ni kwamba chama kilipoitisha mkutano yeye alikwenda. Hakuingia, kwa sababu ya kazi yake. Alisimama mbali, juu ya mawe, na koti lake jeusi, akasikiliza mpaka mwisho. Watu walimwona wakasema, "Tazameni, DC kamtuma ahesabu vichwa." Mimi nilijua ni kwa nini anasimama kule. Siku moja baada ya mkutano nilimkuta nyuma ya nyumba na jembe mkononi, halimi, anaimba chini chini ule wimbo wa vijana wa chama.

Mume wangu alimkabili mara moja. "Ndugu yangu, sema tu. Neno moja. Hata kama ni baya, watu watasahau."

"Nikisema ukweli watanicheka," akamjibu. "Nisiposema watanichukia. Nimechagua."

"Kuchukiwa?"

"Anayechukiwa bado ni mtu mzima."

Baadaye mume wangu alihamishiwa Manyoni, tukafunga mizigo. Shemeji alitusaidia kufunga magodoro, akawapa watoto wangu ramani ya dunia aliyoichora kwa mkono. Lori lilipoondoka alisimama kwenye ua wa minyaa. Nyumba yetu ilikaa tupu muda mrefu, nilisikia, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyetaka kuwa jirani yake.

Nilimwona tena mwaka ule wa uhuru wenyewe. Siku ilikuwa imeshatajwa, na kila mji ulikuwa unasafisha uwanja wake. Nilikuwa natoka Singida kumwona dada yangu mgonjwa. Lori nililopanda lilikuwa la Itigi, kwa hiyo nilishukia Mkiwa, kwenye njia panda, kungoja jingine la Manyoni. Upande wa pili wa barabara lilikuwepo lori lililotoka Manyoni, gurudumu limepasuka, abiria wametawanyika. Mmoja wao alikaa juu ya jiwe, na tai.

Alikuwa amezeeka kupita miaka yake. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, wagonjwa, mvua. Nilimwuliza anatoka wapi.

"Kilimatinde," akasema. "Nilikwenda kumwambia."

Sikumwuliza kumwambia nini. Nilikaa chini, juu ya mzigo wangu, na yeye akanisimulia.

Walimchagua chuoni kule Uingereza. Kituo kipya kilitaka wageni kutoka makoloni, wazungumze kidogo jioni. Walimpa na swali mapema: watu wa nchi yako wanataka nini? Alikaa na swali hilo kwa siku nyingi. Aliandika jibu, akalisoma mbele ya kioo cha kunyolea, akalipunguza, akalishika kichwani. Alijua nyumba ngapi zitamsikia. Siku ikafika. Walitaka avae shuka, akakataa, akavaa suti. Wakamketisha chini ya taa kali, zamu yake ikiwa baada ya mama mmoja mwenye mbwa anayejua kucheza dansi. Mbwa akagoma. Wakambembeleza, watu wakacheka, mbwa akakubali, watu wakataka arudie. Muda ukaliwa na mbwa. Mtangazaji alipomfikia shemeji alikuwa anatazama saa ukutani.

"Hakuniuliza swali lile," shemeji akasema. "Aliniuliza, 'Je, unaipenda nchi yetu?' Nikasema, 'Ndiyo, asante sana.' Akanishukuru. Wakaleta dawa ya meno."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Ndiyo, asante sana. Nilibaki nimekaa pale mpaka mtu wa kufagia akaniomba niinue miguu."

Lori moja lilipita kwa kasi, tukageuza nyuso kukwepa vumbi.

"Yangekuwa yamehifadhiwa mahali," akasema, "ningesema njooni muone. Lakini mambo ya siku zile yalikuwa yanarushwa hewani moja kwa moja, yakishapita yamepita. Hata mimi sikujiona. Ningewaambiaje watu kwamba nilipewa Uingereza nzima inisikilize, nikasema asante? Na mke wangu aliamini kuwa mimi ni mtu mkubwa."

"Sasa umemwambia. Amesemaje?"

Aliokota kijiti akakivunja. "Amecheka. Si kwa ubaya. Amecheka akalia, akanipikia mlenda na ugali. Kisha akaniambia, 'Baba, mimi maneno yako sikuyahitaji. Nilitaka tu uniambie mimi. Nimekungoja sana, na sasa kungoja kumeisha, nimeshazoea huku.' Ana shamba lake. Anafundisha wanawake kushona. Atakuja siku ya bendera kunisalimia, kisha atarudi kwao."

Nikauliza lililokuja mdomoni. "Lile jibu ulilolishika kichwani, mkeo alikuuliza lilikuwaje?"

"Hapana."

"Mimi nauliza."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. Karibu yetu alikuwepo bibi mmoja na ungo wake wa karanga, na mbuzi wawili. Shemeji aliwageukia hao wote. Alianza kwa Kiingereza, akajikata, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nje ya darasa.

"Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Kwetu Singida mgeni tunampenda. Siku ya kwanza tunamchinjia, siku ya pili tunamchinjia. Siku ya tatu tunampa jembe, ili alime pamoja na sisi au akumbuke njia ya kwao. Ninyi mmekuwa wageni wetu miaka mingi. Jembe bado tumelishika sisi, na mavuno mnakula ninyi. Mimi ni mgeni wenu, na siku yangu ya kuondoka naijua. Watu wangu wanataka kitu kimoja: na ninyi muijue yenu."

Tai yake ilipeperuka, akaishika.

Bibi wa karanga alikuwa amesikiliza kwa makini, mkono sikioni. "Unawaambia akina nani hayo, mwanangu?"

"Wazungu, bibi."

"Hawa hawa wa bomani?" Bibi akashangaa. "Mbona hao wanafungasha? Juzi yamepita hapa magari yao, yamebeba mpaka vitanda."

Shemeji alisimama vilevile, kifungo kimefungwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika jiwe, na bibi naye akacheka bila kujua anachocheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka pale njia panda, watu watatu, mpaka utingo wa lori lake akapiga bati kuita abiria. Gurudumu lilikuwa tayari.

Bibi alimmiminia karanga kwenye kiganja. "Hata hivyo ulikuwa na haki ya kuyasema," akamwambia. "Kula, njia ni ndefu."

Alipanda juu ya magunia. Abiria wengine walijibana mbele, kwenye kivuli cha kichwa cha lori, yeye akabaki nyuma peke yake, uso kwetu. Lori likaondoka. Nilimpungia naye akapunga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika karanga. Kabla vumbi halijamfunika niliona midomo yake inakwenda. Sijui kama alikuwa anatafuna au alikuwa anayasema tena.